Mizani Hadharani

Waswahili wana methali mbili ambazo zikikutanishwa hazipatani. Ya kwanza yasema siri ya mtungi aijuaye kata. Maana yake, yaliyomo ndani ya mtu huyajua yule aliye karibu naye, na wapita njia hawana haja ya kuchungulia. Ya pili yasema mficha uchi hazai. Maana yake, anayetaka kusaidiwa hana budi kukubali kujifunua kwa anayehusika. Katika maisha ya kila siku tunajua lini tushike hii na lini tushike ile. Mgonjwa mbele ya daktari huishika ya pili. Mgonjwa yule yule akiwa ndani ya daladala huishika ya kwanza. Lakini upo mchezo mmoja wa zama hizi ambao umezitia methali hizi mbili katika gunia moja, nazo zimo humo zinapigana. Ni mchezo wa kushindana kwa baiskeli ndani ya nyumba kwa njia ya intaneti.

Kwa msomaji ambaye hajauona, nitaueleza kwa ufupi. Mtu huitoa baiskeli yake barabarani, akaifunga chumbani juu ya mashine ambayo huchukua nafasi ya gurudumu la nyuma. Mashine hiyo hupima nguvu anayokanyagia pedeli, kwa wati, na kuipeleka habari hiyo kwenye kompyuta. Katika kioo cha kompyuta huonekana barabara, milima, bahari na kundi la watu wanaoendesha, na miongoni mwao kikaragosi chake yeye mwenyewe. Akikanyaga zaidi, kikaragosi hukimbia, akichoka, huachwa. Mlima ukianza kwenye kioo, mashine nayo hukaza, miguu ikasikia uzito wa mlima usiokuwepo. Wenzake ni watu halisi, mmoja yuko Japani, mwingine Uholanzi, mwingine Afrika Kusini, kila mmoja chumbani kwake anatokwa jasho mbele ya feni.

Programu inayojulikana zaidi ni Zwift, iliyoanzishwa mwaka 2014, yenye makao yake Long Beach, California, na yenye kisiwa chake cha kubuni kiitwacho Watopia. Baadaye zimetokea nyingine, ikiwemo MyWhoosh ya Abu Dhabi. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO, mchezo huu ulipata watu wengi wasiowahi kuufikiria. Tarehe 9 Desemba mwaka huo huo Chama cha Kimataifa cha Baiskeli, UCI, kiliendesha mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia. Kwa wanaume alishinda Jason Osborne wa Ujerumani, na kwa wanawake Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Mwaka 2024 ubingwa huo uliamuliwa Abu Dhabi, na Osborne akashinda tena. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba nazungumzia mchezo wa watoto. Zipo fedha, zipo fulana za bingwa, yupo mwamuzi na ipo adhabu.

Nataka kuuhakiki mchezo huu kama mtu ahakikivyo tamthilia: nani katunga kanuni zake, nani kawekwa jukwaani kwenye mwanga, na nani kalipishwa kiingilio kuliko wenzake. Maana programu nayo ni kazi ya mtu. Kila kinachoonekana katika kioo kile kuna aliyekaa akaamua kionekane, na kila kilichofichwa kuna aliyeamua kifichwe. Mambo ya namna hiyo hayashuki na mvua.

Tuanze na shina la mambo yote, nalo ni uzito wa mwili. Mashine inaweza kupima nguvu ya miguu, lakini haiwezi kujua inamsukuma nani. Barabarani jambo hili halina haja ya kuulizwa, kwa kuwa ardhi yenyewe ni mizani. Mwenye kilo 90 akipanda mlima, ardhi humvuta kwa kilo 90, asiweze kuihonga. Chumbani hakuna mlima. Programu haina budi kuuliza: wewe una kilo ngapi, na urefu wako ni kiasi gani? Kisha huyachukua majibu hayo na kuyaamini.

Tuchukue mfano. Mtu mwenye kilo 70, juu ya baiskeli ya kilo 8, anatoa nguvu ya wati 280. Ipo katika Zwift barabara iitwayo Alpe du Zwift, iliyoigwa kutoka Alpe d'Huez ya Ufaransa, yenye kona 21, urefu wa kilomita 12.2 na mwinuko wa mita 1,036. Tukihesabu mvuto wa ardhi peke yake, tukaacha upepo na msuguano wa matairi, mtu huyu atafika kileleni kwa dakika 47 hivi. Sasa aandike kwamba ana kilo 65. Miguu ni ile ile, pumzi ni zile zile, jasho ni lile lile. Lakini atafika kwa dakika 44 na kidogo. Karibu dakika 3 zimepatikana kwa kubonyeza tarakimu mbili. Mwendesha baiskeli wa kweli hufanya mazoezi mwaka mzima ili apate dakika 3 juu ya mlima kama huo.

Tena uongo wenyewe hauelekei upande mmoja. Kwa miaka mingi mashindano ya Zwift yaligawanywa kwa wati kwa kila kilo ya mwili: daraja A kuanzia wati 4.0, B kuanzia 3.2, C kuanzia 2.5, na D chini ya hapo. Mtu wa kilo 80 awezaye kutoa wati 260 ni wa daraja B, kwa kuwa anapata 3.25. Akiandika kilo 84 anashuka hadi 3.1 hivi, akaingia C, akaenda kuwapiga mweleka wadogo zake kwenye njia tambarare ambako zile kilo 4 za uongo hazimlemei sana. Urefu nao una hila yake, maana programu huutumia kukadiria ni kiasi gani cha upepo mwili unakinga, na mtu mfupi hupasua hewa kwa urahisi kuliko mrefu. Hivyo wapo wanaojipunguza, wapo wanaojinenepesha na wapo wanaojifupisha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika mchezo huu hata mzigo wako mwenyewe waweza kuufanya usufi, ukipenda.

Wanaokasirishwa na jambo hili wana haki ya kukasirika, nami niko upande wao. Vitabu vitakatifu vya dini zetu vyote vimekemea vipimo vya uongo, na sokoni tunamjua mwenye duka aliyechonga jiwe la mizani yake kwa chini. Anayeibiwa gramu 50 za sukari hafi njaa, lakini anatoka dukani amedharauliwa. Ndivyo ilivyo kwa aliyeamka saa kumi na moja alfajiri akaandika kilo zake kwa uaminifu, akashindwa na kivuli cha mtu aliyeandika uongo.

Ndiyo maana katika mashindano makubwa ushahidi hudaiwa. Mshindani hujipima juu ya mizani mbele ya kamera, hupimwa urefu, na nguvu zake hurekodiwa kwa vyombo viwili tofauti ili kimoja kimsute mwenzake. Historia fupi ya mchezo huu imeonyesha sababu. Machi 2019 chama cha baiskeli cha Uingereza kiliendesha ubingwa wake wa kwanza wa taifa katika Zwift, na Cameron Jeffers akashinda. Oktoba mwaka huo akavuliwa ubingwa, akatozwa faini ya pauni 250 na kufungiwa miezi 6. Kosa lake halikuwa la uzito. Baiskeli ya kubuni aliyoitumia, iliyo nyepesi na yenye mbio, hupatikana kwa mtu kupanda mita 50,000 za milima ndani ya programu, naye aliiacha kompyuta impandie milima hiyo kwa niaba yake. Lakini somo lilikuwa moja: penye ushindi wa kweli, uongo wa kubuni ni wizi wa kweli.

Mpaka hapa methali ya mficha uchi hazai imeshinda. Anayetaka kuitwa bingwa wa dunia apande mizani. Tatizo ni kwamba dawa iliyopimwa kwa ajili ya mabingwa imemiminwa vinywani mwa watu wote. Mhasibu anayeshindana Jumanne usiku baada ya kuwalaza watoto, ambaye akishinda hapati hata soda, naye mwili wake umewekwa dirishani.

Maana tazama kinachoonekana kwenye kioo. Kando ya jina la kila mtu, programu huandika wati zake kwa kila kilo. Katika majedwali ya matokeo yaliyotumiwa kwa miaka mingi, wastani wa wati zenyewe umeandikwa karibu na wati kwa kilo. Aliyeona kwamba fulani alitoa wastani wa wati 240, na kwamba hizo ni wati 3 kwa kilo, hahitaji kuwa mpelelezi. Hesabu ya kugawanya ya shule ya msingi itamwambia kwamba fulani ana kilo 80. Na kikaragosi nacho husema: mwili wake hunenepa au kukonda kufuata kilo zilizoandikwa. Mtu anaingia kufanya mazoezi, anakuta amechongewa sanamu ya tumbo lake na sanamu hiyo inatembezwa mbele ya wageni.

Watetezi husema uzito ni tarakimu tu. Sikubaliani nao, na nadhani hata wao hawaamini, kwani ingekuwa tarakimu tu wasingeipigania hivyo. Uzito husema mambo mengi ambayo mwenyewe hakuamua kuyasema. Husema mimba kabla mama hajamwambia mama mkwe. Husema kwamba mtu anatumia dawa fulani, kwamba amefiwa, kwamba amerudia pombe, kwamba amepata nafuu. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Katika miaka ya 1980 Waganda waliuita ukimwi kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na kwa miaka mingi baadaye aliyepungua kilo chache alitazamwa mtaani kwa jicho ambalo hakulistahili. Kwa mabibi zetu kumwambia mtu amenenepa ilikuwa sifa na dua. Kwa wajukuu zao neno lile lile ni tusi, na wengi hulilia chooni. Kilo zile zile hubadilika maana kwa mahali, kwa umri, na kwa anayesema. Atakayezitundika hadharani hajui ametundika nini.

Kuna na jambo zito zaidi ya aibu, nalo ni afya. Mchezo wowote unaofanya wepesi wa mwili kuwa sarafu huwafundisha watu kujinunua kwa njaa. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vikuu nchini Marekani walikufa ndani ya wiki chache, wote wakijikausha maji mwilini ili waingie katika daraja la uzito walilolitaka. Mwaka uliofuata kanuni zikabadilishwa, lakini makaburi hayabadilishwi. Katika kuruka kwa ski, wanariadha walikonda kiasi kwamba mwaka 2004 shirikisho la mchezo huo liliamua kuwapunguzia urefu wa ski wale ambao uzito wao ni mdogo mno kulingana na urefu wa mwili, ili njaa isiwe na faida. Makasia ya daraja la wepesi yaliingia Olimpiki mwaka 1996, na Paris 2024 ikawa mara yake ya mwisho. Nao madaktari wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki tangu mwaka 2014 wameonya juu ya hali ya mwanamichezo kula pungufu ya anachokitumia: mifupa hudhoofika, hedhi hukatika, moyo na akili huathirika, na hata ile nguvu iliyotafutwa huondoka.

Si ajabu kwamba bingwa wa kwanza wa dunia wa baiskeli za ndani, Osborne, alitokea katika makasia ya wepesi. Mwaka 2021 alipata medali ya fedha ya Olimpiki katika daraja hilo huko Tokyo. Simlaumu wala simdhanii vibaya, bali naona undugu wa michezo hii miwili: kote mizani inasimama mlangoni. Tofauti ni kwamba mpiga makasia hupanda mizani siku ya mashindano, akashuka. Mwendesha baiskeli wa chumbani hupanda asubuhi akiamka na jioni akirudi, kwa sababu mizani yake iko ndani ya mchezo wenyewe. Kila akikanyaga, kioo kinamkumbusha: ungekuwa mwepesi kidogo, tarakimu hii ingekuwa kubwa. Njia mbili zipo za kuikuza, kuongeza nguvu au kupunguza mwili. Kuongeza nguvu huchukua miezi, na kuacha chakula cha usiku huanza leo. Kijana wa miaka 16 atachagua ipi?

Yafaa niwasikilize na wa upande wa pili, maana hoja yao ina nyama. Wanasema bila kilo hakuna mashindano, na bila mashindano milango mingi ingebaki imefungwa. Wanamtaja Jay Vine wa Australia. Alishinda nafasi ya kuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa kwa kupitia shindano la Zwift la mwaka 2020, na mwaka 2022 akashinda hatua mbili za mbio kubwa za Hispania, za barabarani, zenye upepo na jua. Huyu hakuwa na mjomba katika timu ya Ulaya. Alikuwa na tarakimu zake. Kwa wasio na mjomba, tarakimu ya ukweli ni barua ya utambulisho. Hilo nalikubali kwa moyo wote, na pia nalikubali kwamba mbinu nyingine zina dhuluma zake. Katika Peloton, baiskeli za mazoezi zinazotumiwa sana Marekani, orodha ya washindi hupangwa kwa jumla ya kazi iliyofanywa, uzito hauulizwi. Huko siri ya mwili imehifadhiwa, lakini mwanamke wa kilo 52 hataliona jina lake juu ya la mwanamume wa kilo 95 hata akanyage mpaka azimie.

Kwa hiyo kipimo kisichompendelea mtu hakipo. Kinachopendelea wepesi huwaumiza wazito, kinachopendelea ukubwa huwaumiza wadogo, na kinachodai ushahidi huwaumiza wenye staha. Haki katika mchezo huu ni kuamua kwa uwazi nani atabeba hasara ipi na kwa sababu gani, kisha kumpunguzia kadiri iwezekanavyo. Lawama yangu kwa watunzi wa programu hizi ni kwamba walichagua bila kusema wamechagua. Waliweka wati kwa kilo kando ya jina kana kwamba ni rangi ya shati, na walipoona uongo unazidi wakauacha umma ufanye kazi ya mwamuzi.

Na umma ukipewa kazi ya mwamuzi, wote tunajua hufanya nini. Katika vyumba hivi vya mbio watu huweza kuandikiana maneno wakiwa wanaendesha. Mengi ni mema: karibuni, vumilieni, tumebakiza kilomita mbili. Lakini akitokea mtu akaondoka kwa kasi mlimani, hasa asiyejulikana, na hasa akiwa mwanamke, maneno hugeuka. Ataitwa mwongo mbele ya watu mia. Ataambiwa apige picha ya mizani yake. Wengine watakwenda kutafuta picha zake za harusi ili wapime kwa macho kama mwili ule unalingana na kilo alizoandika. Mtu mmoja anakuwa mshtaki, shahidi, hakimu na mnyongaji, na yote hayo akiwa amevaa kaptula chumbani kwake.

Hata wenye mamlaka huchanganyikiwa katika hali hiyo. Februari 2022 mshiriki mmoja wa Zwift aliyeeleza hadharani jinsi mtu anavyoweza kubadili uzito wake katikati ya mbio alisimamishwa na kampuni. Tundu lilikuwa ukutani, aliyelionyesha kwa kidole ndiye aliyekamatwa. Kampuni ilikuwa na hoja, kwamba kulitangaza tundu ni kuwaita panya. Hata hivyo jambo lile liliwafundisha wengi kwamba mlango wa kupeleka malalamiko ni mwembamba, na mlango wa malalamiko ukiwa mwembamba, watu hupitia dirishani, wakalaumiana wao kwa wao.

Nasema hili kwa uzito: tuhuma ni dhuluma ya pili, na huenda ikaumiza wengi kuliko dhuluma ya kwanza. Mwongo mmoja huwaibia wenzake nafasi katika orodha. Tuhuma huwafukuza watu wasio na hatia wasirudi tena. Wapo wenye nguvu kweli. Yupo mama mwenye kilo 58 awezaye kutoa wati 250 kwa nusu saa. Wanawake wa namna hiyo wako wengi duniani, na hawawajibiki kuwaonyesha wanaume wasiowajua mizani ya bafuni kwao.

Adabu ya jambo hili si ngumu, na Mswahili yeyote aliyelelewa ataitambua. Huulizi kilo za mtu usiyekuwa na haja nazo, kama usivyouliza mshahara wake. Huutaji mwili wa mtu kwa kumsifu wala kwa kumkashifu, maana hata sifa ya kukonda yaweza kuwa sumu kwa mgonjwa wa kutokula. Ukimshuku mwenzako, mwambie mwamuzi kwa faragha, ukiwa na sababu, kisha nyamaza. Umejiunga na msafara uliotangazwa kuwa wa mwendo wa pole, nenda mwendo wa pole. Anayekimbia mbele ya kiongozi wa msafara anawaambia wote walio nyuma kwamba hawana thamani. Na ukiandika kilo zako, ziandike za leo, si za siku ya harusi yako.

Lakini adabu peke yake haitengenezi mlango ulioharibika. Kazi kubwa ni ya watunzi, na kubwa kuliko zote ni kutenganisha kuhakiki na kuonyesha. Tazama kituo cha kupigia kura. Wakala wa chama huonyeshwa kwamba sanduku ni tupu, husimamia kufuli, huhesabu karatasi moja moja; lakini haruhusiwi kusoma kura ya mama Asha. Uchaguzi unahakikiwa na siri inabaki. Uzito nao waweza kutendewa hivyo. Mwamuzi aliyeapishwa aone kilo, athibitishe, afunge. Washindani wengine waone alama ya kwamba fulani amethibitishwa, basi. Nani anahitaji zaidi ya hapo, kama haja yake ni haki?

Jambo la pili ni kuwapanga watu kwa matokeo yao kuliko kwa miili yao. Katika mpira timu haishuki daraja kwa sababu wachezaji wake ni wazito. Hushuka kwa kufungwa. Mwaka 2024 Zwift ilianza kutumia alama za mashindano zinazopanda na kushuka kufuata jinsi mtu anavyomaliza mbio zake. Ni hatua njema, na nimeitaja kwa furaha, maana mhakiki asiyesifu penye sifa ni mnung'unikaji tu. Mwongo akishinda kwa uongo hupandishwa, akakutana na wakali zaidi, na uongo wake ukapungua faida bila yeyote kuuliza kilo.

La tatu ni kupunguza ushahidi kufuata ukubwa wa zawadi. Kwa fulana ya bingwa wa dunia, kamera na mizani. Kwa mbio za Jumanne usiku, neno la mtu. Kwa watoto, mizani isitajwe kabisa. Na picha za kupimwa zikisha kutumika zifutwe, kwa kuwa picha ya mtu akiwa na nguo nyepesi juu ya mizani ikikaa kwenye hifadhi ya kompyuta ni deni linalongoja mdai.

La nne tayari lipo, nalo ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Katika misafara midogo ya marafiki, programu hutoa nafasi ya kuwafunga wote pamoja: mwenye nguvu nyingi na mwenye nguvu kidogo huendelea kuonekana bega kwa bega hata mmoja akikanyaga kwa wati 300 na mwingine kwa 100. Wakali wa mbio hudharau kitu hiki, wakasema si mchezo wa kweli. Mimi naona ni mahali pekee ambapo kompyuta imetoa kitu ambacho barabara haiwezi: baba mwenye kilo 104 aliyetoka hospitali na binti yake mwanariadha wakaendesha saa nzima pamoja, wakizungumza, bila yeyote kumsubiri mwenzake kwenye kona.

Mchezo ni mkataba. Tunakubaliana kuumizana mapafu kwa saa moja kwa masharti tunayoyajua, na baada ya hapo tunapeana mkono. Anayeandika kilo za uongo amevunja mkataba huo. Anayempekua mwenzake mwili kwa kisingizio cha kutafuta waongo naye ameuvunja, na sioni ni kwa vipi kosa lake ni dogo. Programu iliyowaweka wawili hawa uso kwa uso, ikazima taa na kuondoka, haiwezi kunawa mikono. Mpaka itakapomweka mwamuzi kati yao, kila atakayeingia Watopia na mwili asioupenda kuutangaza atalipa ada ya mwezi kama wengine, na juu yake ada nyingine isiyoandikwa katika risiti.